Kartoni Ndani ya Telefone ya Hulda

Agar alikuwa na mdomo. Watu wote waliopita na telefone iliyokufa karibu na soko kuu la Butembo walijua: huyu mama atakutengenezea, lakini kwanza atakusema. Ukileta telefone iliyoanguka chooni, anakuuliza ilikuwa inatafuta nini kule. Ukileta yenye kioo kilichopasuka, anakuuliza kama bibi yako wa nyumbani alikuwa analenga kichwa akakosa. Watu walivumilia, juu ya mikono yake, iliyokuwa mizuri kuliko mdomo. Alisoma mpaka mwaka wa sita wa primaire huko Musienene, akauza viazi, akaolewa, akafiwa, kisha akakaa miaka miwili nyuma ya fundi mmoja, akiangalia vidole vyake tu kama paka anayeangalia nyama. Fundi alipohamia Kampala, meza ikabaki kwa Agar, pamoja na taa, mashine ya kupuliza hewa ya moto, na turnavisi sita za kukazia skrubu, ndogo kama sindano.

Miaka tisa alifanya kazi hiyo, na hakuna hata siku moja ilimtia woga. Woga ulikuja siku ya mardi, yaani jumanne, saa nne ya asubuhi, umevaa viatu vya kisigino na kubeba kitabu cha fizikia.

Lakini tuanze na lundi, siku iliyotangulia. Lundi Hulda alitoka Beni na telefone iliyokuwa inazimika kila akiitikisa. Hulda ni mdogo wake Agar, mtoto wa mwisho wa mama yao, anakaa Beni katika commune ya Ruwenzori na analima kakao nyuma ya Mavivi. Agar alifungua telefone, akaona mdomo wa betri umelegea. Dawa ya ugonjwa huo mafundi wa Butembo wote wanaijua, wanaiita kale, yaani kabari: unakata kipande cha kartoni ya sanduku la dawa, unakikunja, unakilaza juu ya mdomo wa betri, unarudisha bamba la ndani na kukaza vis, yaani skrubu zake, mpaka kartoni ifinye vizuri. Telefone inafufuka, mwenyewe anaenda akikushukuru. Kartoni ya kawaida inakunjwa mara mbili. Ya Hulda, Agar aliikunja mara tatu, tena akakaza vis mpaka kidole kikamuuma.

"Yaya, unakaza kama mulango ya banque," Hulda akamwambia dada yake.

"Nyamaza. Umeniletea maiti, unarudi na muzima. Wasingya utasema lini?"

"Wasingya, docteur," Hulda akamshukuru kwa kinande.

Agar alikaza vile kwa sababu alijua telefone hiyo inafanya kazi gani. Njia ya zamani ya kwenda shambani hakuna aliyeipita tena, tangu wauaji wa porini waliposhika wakulima juu yake. Hulda na wenzake wawili, Débora na Rébecca, walikuwa wanakata katikati ya mashamba yaliyoachwa, mahali majani yamepita kichwa na kakao imefunga juu kama paa. Jua huoni. Mlima huoni. Basi walikuwa wanatembea na busole ya telefone, dira ya kuonyesha kaskazini. Kwenda, nambari quarante, arobaini. Kurudi, nambari deux cent vingt, mia mbili na ishirini. Ukipindia kulia wakati wa kwenda, unafika kwenye kamto, na ng'ambo ya kamto ni kwa wale wauaji. Hulda hakuwa na macho mengine zaidi ya ile busole, na Agar hakutaka imzimikie huko. Mardi kabla ya mapambazuko Hulda alipanda taxi ya kwanza akarudi, moja kwa moja mpaka shambani.

Saa nne, viatu vya kisigino vikasimama mbele ya meza. Alikuwa Madame Ngalula, mwalimu wa fizikia, mtu wa Kasai ambaye Serikali ilimtuma Butembo na kumsahau huko.

"Mama Agar, telefone yenye ulinitengenezea inasema jua inatoka kaskazini."

"Labda kwenu Kasai inatokaka kule, Madame."

"Kwetu inatoka fasi yake. Jana nilipeleka banafunzi inje, tufanye orientation. Busole ya préfet, mukubwa wa masomo, inasema kanisa iko kaskazini. Yangu inasema ni soko. Batoto bakacheka mpaka bakalala chini."

"Ulifanya ile nane ya hewani, ya kurudishia busole akili?"

"Nilifanya nane mpaka batu ya barabara bakafikiri nafukuza pepo. Donc, fungua. Nataka kuona kitu gani uliweka ndani."

Agar hakupenda neno hilo, *uliweka*. Akafungua hata hivyo, akiwa na jibu kali tayari kwenye ulimi. Ngalula akawasha busole na kuilaza telefone mezani. "Legeza vis moja," akasema. Agar akalegeza. Sindano ya kwenye kioo ikasogea, na hakuna mtu aliyegusa telefone zaidi ya ile vis. Akalegeza ya pili. Ikasogea tena. Akavuta kartoni polepole, akifinya mdomo wa betri kwa ukucha wa kidole gumba ili telefone isizimike, na sindano ikazunguka taratibu mpaka ikasimama inaangalia kanisa.

Agar akaigeuza kartoni huku na huku.

"Ni kartoni tu," akasema. "Kartoni haiko sumaku."

"Hapana, haiko sumaku. Unisikie, mama." Ngalula akavuta kigoda, akaketi kama yuko darasani. "Busole ya telefone haina sindano ya kweli. Iko na kajiwe kadogo, na ndani ya kajiwe kuko ngozi ya chuma, nikeli na fer bamechanganya. Chukua unywele yako moja, upasue mara elfu: njo unene yake. Ile ngozi iko na upande moja inapenda kulalia. Banaitengenezaka vile makusudi. Sumaku ya dunia inakuja, inaisukuma kidogo itoke kwa ule upande, umeme inasikia, telefone inakuambia kaskazini ni huku. Sasa weye unakaza vis juu ya kartoni. Platine, bamba yenye inabeba vyote, inajipinda, na kajiwe inajipinda nayo, na ngozi inavutika. Mule ndani chembe zake zimepangwa mistari..."

"Kama maharagi."

"Kama maharagi ya kwenu Musienene, voilà. Udongo ya mulima ikivutika kidogo, mistari inaachana upande huu, inabanana upande ule. Ngozi inapata upande mwingine yenye inapenda. Na haijue kama umeiharibu. Inasema kaskazini na roho safi kabisa."

Agar alikuwa amekwisha kuacha kusikiliza. Alikuwa anaangalia kartoni iliyo mkononi mwake, iliyokunjwa mara mbili.

"Inadanganya ngapi, Madame?"

"Yangu? Nikiangalia huku, degré trente, makumi tatu. Nikigeuka huku, quinze, nusu yake. Haidanganye sawa kila upande, njo ubaya yake."

"Na ya mutu mwingine?"

"Sijue. Kila moja na yake. Inategemea umekaza namna gani, umekunja mara ngapi."

"Yako nilikunja mara mbili."

"Na ya huyo mutu?"

"Mara tatu," Agar akasema.

Akampigia Hulda. Sauti ya mwanamke ikamwambia kwa kifaransa kwamba nambari haipatikani. Akapiga tena, yule mwanamke akasema vilevile, bila haraka. Ngalula akamuuliza ni nani, Agar akamwambia. Mwalimu akasema tu, "Enda. Mimi nitakaa hapa kwa meza yako." Agar akaenda bila kuvua aproni, turnavisi moja bado imo mkononi.

Alimpata Nzanzu, motard wa mtaa wao, dereva wa pikipiki, mtu aliyekuwa amezoea kutukanwa naye kila siku na kujibu. Safari hii hakutukanwa. Kilometa hamsini na zaidi, vumbi, malori, mashimo. Mara mbili Nzanzu aligeuka kuuliza kama anaumwa. Agar alikuwa anafanya hesabu ambayo hakusomea: wakitoka nyumba ya mwisho wakipindia kulia kwa trente, baada ya saa moja wako wapi? Na kama si trente? Kama mara tatu ni quarante-cinq, arobaini na tano? Na kama ngozi ile imependa upande wa kushoto, basi wamekwenda tu kupotea kwenye vichaka, Mungu Nyamuhanga, wapotee kushoto, wakeshe wakilia na mbu, lakini kushoto.

Walipita Beni bila kusimama. Baada ya Mavivi, mahali barabara inaisha na barière ya jeshi inaanza, askari mmoja mrefu aliweka mkono juu. Alikuwa anaitwa Octave, ametoka mbali, kiswahili chake kimejaa lingala.

"Mama, unaenda wapi na aproni? Huko kuko restaurant?"

"Chef, mudogo yangu iko ndani. Na banamuke babili. Banapotea. Telefone yao inabadanganya."

"Telefone ya banamuke yote inadanganyaka," Octave akasema, akicheka. Kisha akamtazama usoni, akaacha kucheka. "Bameingia saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Kwa wapi?"

Agar akaonyesha, kisha akaonyesha kulia zaidi, mpaka mahali alipodhani wanaweza kuwa. Octave akafuata mkono huo kwa macho na hakupenda ulipofikia.

"Mama, unisikie. Kule mbele kuko basoda betu kwa position. Iko na ordre ya kupiga. Mutu anatoka upande ya mto, bale hawaulize jina." Akachukua motorola, redio yake ya mkononi, kiunoni. "Basi misato," akasema ndani yake, "nasema basi misato, bobeta masasi te." Wanawake watatu, msipige risasi. Motorola ikakoroma, ikajibu kitu ambacho hakuna aliyekielewa. "Wamesikia?" Agar akauliza. "Labda," Octave akasema. "Kanga motema, mama." Shika moyo. Angeushika wapi, wenyewe ulikuwa umefika kooni.

Saa sita na nusu telefone yake ikalia mkononi, na ilikuwa Hulda.

"Yaya, nimeona umenipigia." Alikuwa ananong'ona.

"Uko wapi?"

"Sijue. Tunaona maji."

"Maji gani?"

"Kamto. Hatuonaka kamto kwa hii njia. Tumeshavuka, tukafikiri ni mufereji ya mvua. Yaya, huku kuko moto ya kupikia. Majivu iko ya moto bado."

Agar akaketi chini kwenye changarawe mbele ya askari wote. Lakini kichwa chake, ajabu, kilisimama. Kilikuwa kichwa cha fundi, na mbele yake sasa kulikuwa na telefone.

"Hulda, busole inakudanganya. Ni miye niliiharibu. Hapana uliza. Nitasema yote mara moja, kisha unakata. Ondoa mufuniko ya nyuma. Utaona bamba na vis mbili juu ya betri. Zilegeze na ncha ya kisu ya kakao. Vuta kartoni. Lakini kabla ya kuivuta, weka kidole gumba fasi ile ile na ufinye, juu ukiacha, inazimika. Finya kidogo tu. Ukifinya sana, inadanganya tena. Utashika vile mpaka unatoka. Umesikia?"

"Kufinya kidogo. Mpaka natoka."

"Deux cent vingt haitawatosha tena, mumevuka. Mufanye deux cent soixante, mupaka muvuke maji, kisha muende tu mbele. Na ikizimika, Hulda, usiiwashe. Itaimba."

Telefone ile, ukiiwasha, ilikuwa inapiga muziki wa tarumbeta ambao hakuna fundi aliyewahi kuunyamazisha. Hulda alijua.

"Yaya..."

"Kata."

Akakata. Kisha hakukuwa na kitu. Hakuweza kupiga, juu telefone ya Hulda ingelia porini. Deux cent soixante, mia mbili na sitini, Agar aliitoa wapi? Aliitoa kichwani, kwa hesabu ya mtu wa primaire aliyeketi kwenye changarawe. Sasa akaanza kuigeuza na kuigeuza. Kama wamekwenda kulia sana kuliko alivyofikiri? Kama Hulda anafinya kama anavyofinya kila kitu, kwa nguvu, juu ya woga? Kidole cha mtu mwenye woga hakijui kidogo.

Saa nane motorola ikakoroma. Octave akaiweka sikioni, akainua kidole kimoja. Kimoja. Agar alitaka kumshika kidole hicho amnyooshee vingine viwili kwa nguvu.

Aliyetoka alikuwa Débora, jirani yake Hulda, na askari wawili walikuwa wanamshika mikono. Kikwembe kimechanika, kiatu kimoja, matope mpaka shingoni.

"Bengine bako wapi?" Agar akapiga kelele.

"Sijue, mama Agar. Hulda alifungua telefone, akasema tufuate nambari mupya. Miye nikamuambia, hii telefone imetuleta kwa moto ya bale batu, sasa unataka tuisikie tena? Imesema bongo mara moja, imetudanganya! Nikarudi na nyayo zetu kwa matope. Rébecca akabaki naye."

"Ulibaacha."

"Niliogopa!" Débora akalia. "We ungefanya nini? Nikasikia batu banaongea. Banaume. Nikakimbia, sikugeuka."

Agar alikuwa na maneno ya kumjibu. Alikuwa nayo mengi. Yakafika kwenye meno na kurudi, juu yule aliyestahili kutukanwa alikuwa amevaa aproni. Akavua kitambaa chake cha kichwa akampangusa Débora uso, wakakaa pamoja chini bila kutazamana. Kila sauti ilikuwa ni risasi. Mlango wa lori ulifungwa barabarani, Débora akamshika mkono mpaka kucha zikaingia. Ndege ya msaada ilishuka uwanjani nyuma yao, na Agar akaomba Mungu Hulda aisikie, ajue Mavivi iko wapi. Kisha akaomba wale wengine wasiisikie na kuangalia juu na kumwona. Hata maombi yalikuwa yanapingana.

Saa tisa ikapita. Octave hakufanya tena mzaha. Alikuwa amekaa akiangalia buti zake.

Saa tisa na nusu, motorola. Octave akasikiliza, akainua vidole viwili, na Agar akaanza kulia kabla hajajua kama ni watu walio hai au ni nini.

Walitoka kwa miguu yao. Rébecca mbele, anasali kwa sauti, hawezi kuacha. Hulda nyuma, mkono wa kulia umeinuliwa mbele ya kifua, telefone imeshikwa kati ya kidole gumba na vingine, kama mtu aliyebeba yai la mtu mwingine. Agar akamkumbatia. Hulda hakukumbatia. Alikuwa bado anafinya. Agar akamwachisha vidole kimoja kimoja, na kidole gumba kilipotoka, kioo kikawa cheusi.

"Tuliona mashati yao," Hulda akasema. "Yameanikwa juu ya kakao. Nikahesabu mpaka ine, nikaacha kuhesabu. Mutoto alikuwa analia fasi fulani kule, yaya. Niliipita ile sauti. Niliipita tu."

Wakanywa maji ya askari. Rébecca akaacha kusali hatimaye, akasema kwamba hii si kitu kingine ila kurogwa. Débora akasema hapana, ni telefone ya kichina. Hulda akamtazama dada yake.

"Sema weye," akasema. "Useme mbele yao."

Na Agar, aliyekuwa na mdomo, akayasema mambo hayo vibaya, kwa kukwama, bila mzaha hata mmoja. Kartoni. Vis. Ngozi nyembamba kuliko unywele, inayovutika. Upande inaoupenda. Hawakuelewa ile ya ngozi. Walielewa kartoni.

"Kartoni ya nini?" Débora akauliza.

"Ya paracétamol."

Hakuna aliyecheka. Débora akavua kiatu chake kimoja, akakikung'uta matope.

"Kakao tuliikata juma yenye ilipita, tukaiacha chini," Hulda akasema mwishoni. "Mifuko tatu. Itaoza kama hatuiendee jeudi, kesho kutwa. Utaitengeneza hii telefone bila kartoni. Na siku ile, yaya, weye njo utatembea mbele."

Agar alifikiri ni maneno ya hasira, yatapoa. Hayakupoa. Alilala Beni kwa Hulda, kesho yake, mercredi, akarudi Butembo, akaondoa mdomo wa betri wote na kuchomelea mpya kwa waya wa risasi, Madame Ngalula akimshikia taa. Walipima ile busole pamoja, kwa kila upande, mbele ya kanisa, na kando ya busole ya préfet, mara kumi na sita. Zikalingana. Agar akataka mara ya kumi na saba. "Mama," Ngalula akamwambia, "sasa ni sawa. Kwa ngozi, nakuhakikishia. Kwa bale batu, siwezi."

Jeudi, saa mbili, nyuma ya nyumba ya mwisho ya Mavivi, wanawake watatu walisimama wakamngojea. Agar aliwasha busole, akageuka mpaka ikasema quarante, akaisubiri itulie. Ilitulia. Mbele yake majani yalikuwa yamefunga, yamelowa, na ndani yake hakuna ndege aliyelia. Alikuwa amewatuma wengine humo kwa vidole vyake bila kujua kulivyo.

"Tunakungojea," Hulda akasema nyuma yake, polepole.

Agar akayapanua majani kwa mkono, akaingia.